Namba za Adabu

Walisema sitamaliza hata msimu mmoja wa mvua. Walilisema hilo kwenye gereji ya mjomba wangu, mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, nikiwa nimesimama palepale na begi la safari bado begani, kana kwamba mtu akirudi kutoka Dar es Salaam huacha masikio yake mpakani. Fundi wa rangi, ambaye tulisoma naye madrasa, ndiye aliyeanza.

"We, huku watu wanakimbia bure kila siku ya Mungu," alisema. "Nani atakulipa ili umuchokeshe?"

Walicheka wote, hata mjomba alicheka, akiwa chini ya gari. Mwingine akaongeza kwamba jasho Bujumbura halinunuliwi, ukisimama tu juani saa saba unalipata. Nilijua nilichobeba ndani ya lile begi.

Nilikuwa nimebeba diploma. Niliondoka Buyenzi na mashati mawili, nikaosha magari, nikalinda geti la jimu moja usiku na kufagia sakafu yake mchana, mpaka mwenye jimu akagundua kwamba mfagiaji wake anawasahihisha wateja migongo vizuri kuliko mwalimu aliyekuwa akimlipa. Nikaenda chuoni kwa fedha yangu, nikasomea mafunzo ya mazoezi ya mwili, nikafaulu, na katika darasa letu ni mimi peke yangu niliyekuwa nikitoka kazini kuja kwenye mtihani. Hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivi si kwa majivuno. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu Buyenzi kuna watu hadi leo wanasimulia vingine.

Hata hivyo, ili kuanzisha jimu yangu, nilihitaji mikopo, na nilikopa kwa watu watatu. Mjomba alinichomelea vyuma vya kunyanyua kutoka kwenye ekseli za magari mabovu, nimlipe nitakapopata. Mama mmoja muuza vitenge, rafiki wa marehemu mama yangu, alinipa kodi ya mwanzo ya ukumbi. Na mtu niliyekaa naye dawati moja shuleni, ambaye sasa ana ofisi serikalini na nyumba Kinanira, mtaa wa mlimani, alinipa fedha za mikeka na spika. Huyu alinipa huku anatabasamu. "Ukimaliza, utanirudishia," alisema. Ukimaliza nini? Sikumuuliza, lakini neno hilo nililala nalo siku nyingi.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la zamani la saruji, Kibenga, karibu na ziwa. Mwenye ghala alinieleza wazi kwamba nikishindwa kodi miezi miwili mfululizo atampa muuza vinywaji aliyekuwa akimsumbua kila wiki. Kwa hiyo hali yangu ilikuwa hivi: ukumbi ukienda, watu watatu wanapoteza fedha zao, Buyenzi inapata kicheko chake, na mimi narudi Dar kulinda geti. Wanachama waliongezeka haraka mwanzoni. Makarani, walimu, wenye maduka, wake kwa waume, walishuka kutoka Kinanira jioni baada ya kazi. Mama wa vitenge mwenyewe alijiandikisha, na yule wa dawati langu pia. Nilijiuliza kama wamekuja kufanya mazoezi au kulinda fedha zao.

Siku ya kwanza niliwafundisha jambo ambalo walimu wengi wa jimu hawalijui. Niliwaambia kwamba mazoezi ni kama moto wa jikoni, na kila kiasi cha moto kina chakula chake. Moto mdogo unaamsha damu, unafungua akili, nawe unarudi nyumbani una maneno mengi na hamu ya kula. Moto wa kati unajenga moyo na mapafu, na mawazo ya kazini yanajipanga yenyewe bila kuyashika. Moto mkali, ukiwa mfupi na ukifuatwa na mapumziko, unafuta kichwa kama mtu anavyofuta ubao. Lakini moto mkali kila siku unaunguza sufuria. Usingizi unakimbia, miguu inakuwa ya mbao, na kelele ya mtoto wako mwenyewe unaisikia kama tusi. Niliyasema hayo tangu siku ya kwanza, na ninayaandika hapa kwa sababu baadaye kuna waliosema sikuyajua.

Ili nijue moto wa kila mmoja umefika wapi, nilitumia njia niliyofundishwa chuoni. Baada ya kila mzunguko nilipita mstari kwa mstari nikiuliza namba. Moja ni kama umekaa kitini. Kumi ni pale ambapo hata jina lako ukiulizwa huwezi kulitamka. Nilianza na mama wa vitenge, maana ndiye mkubwa kuliko wote, na kwetu huwezi kumruka mkubwa ukaanza na mdogo.

"Tatu," alisema, akijipangusa uso na kipande cha kitenge.

Nikaenda kwa yule wa dawati langu. Tatu. Nikaenda kwa karani wa benki, kijana mwenye kifua cha mcheza mieleka. Mbili na nusu. Mstari mzima, tatu, tatu, mbili. Nikapandisha. Wiki iliyofuata niliongeza kuruka na kuchuchumaa na vyuma vya mjomba mabegani. Tatu. Nikaongeza tena. Mama akasema nne, akasita, akasema hapana, ni tatu.

Mwanzoni nilidhani watu wa Bujumbura wana mapafu ya ajabu. Halafu nikaanza kuwaza vingine. Mtu aliyelinda geti usiku hujifunza kutazama mikono ya watu badala ya nyuso zao, na mikono ya wale watu ilikuwa inatetemeka wakati midomo inasema tatu. Nikajiambia: hawa wananificha jambo.

Dalili zikaanza kujipanga. Nikiingia ukumbini mazungumzo yanakatika. Simu ya yule wa dawati langu inalia kila mara tunapofika mzunguko mgumu. "Chef wangu huyo," anasema, yaani bosi wake, anatoka nje, na kutoka dirishani namwona amekaa juu ya jiwe, simu imo mfukoni. Mwalimu mmoja wa kike alikuwa anaomba ruhusa ya misiba, na shangazi yake huyohuyo alikufa mara mbili kabla mwezi haujaisha. Wengine hawakuomba ruhusa. Waliacha tu kuja, na nikikutana nao barabarani wananiambia tutarudi, coach, kesho tutarudi, wakiwa wanatembea kuelekea upande mwingine.

Na waliobaki walibadilika. Wanaume wawili, wote watumishi wa serikali, nusura wapigane kwa ajili ya mkeka. Mama wa vitenge nilimkuta siku moja anafunga kamba za viatu huku machozi yanamtoka, akasema ni vumbi la saruji. Yule wa dawati langu alinieleza kwamba mkewe anauliza tunawapa nini huko, kwa sababu mumewe siku hizi anarudi nyumbani anagomba kwa ajili ya chumvi. Alisema kama mzaha. Mimi sikucheka. Niliona kuna mtu anawatia sumu moyoni.

Na mtu huyo nilidhani namjua. Nilikuwa nimemwajiri msaidizi, golikipa wa zamani, mtu asiye na cheti chochote lakini hawezi kutembea hatua kumi mjini bila kusalimiwa. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya mistari na kusahihisha magoti. Huko nyuma ndiko wanachama walikokuwa wananong'ona. Nikigeuka, ananitazama kwa uso usiosema kitu, uso wa golikipa anayesubiri penalti. Kodi ya mwezi ule ilipungua, nikamwomba mwenye ghala anivumilie. Alivumilia, lakini siku ileile nilimwona muuza vinywaji akipima mlango wa ukumbi kwa mikono.

Kilichonifungua macho ni udongo. Kibenga ni mchanga na vumbi la kijivu, na viatu vya Kibenga vinajulikana. Jumatatu moja, wakati wamejilaza kwenye mikeka, nilipita katikati na kuona soli za viatu vyao. Udongo mwekundu, uliokauka, wa kule juu mlimani. Viatu vya mama. Viatu vya karani wa benki. Viatu vya mwalimu mwenye shangazi. Viatu vya golikipa. Nilimuuliza golikipa, polepole, jana alikuwa wapi.

"Nalala tu, chef," alisema. "Siku ya Mungu mi nalala."

Jumapili iliyofuata, baada ya sala ya alfajiri, nilipanda Kinanira na kusimama nyuma ya kibanda cha vocha kilichokuwa bado kimefungwa. Niliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuwa wanaimba.

Mtu asiyekaa Bujumbura lazima aelezwe jambo hili. Huku watu hawakimbii mmoja mmoja. Wanakimbia kwa kundi, kwa mistari, na mbele yuko mmoja anayetoa wimbo wa Kirundi na wengine wanaitikia, miguu yote inapiga chini pamoja na mikono inapiga makofi. Nimekua nikiona hivyo tangu utoto. Dar nilikoenda watu walikuwa wanaweka spika masikioni, nami nilirudi na mazoea ya spika.

Walitokea kwenye kona, na mbele yao ni golikipa wangu. Nyuma yake mama wa vitenge, na mwalimu, na karani, na wale walioacha, na wale waliosema wanaumwa. Yule wa dawati langu alikuwa mstari wa mwisho, simu hana. Walikuwa wanakwenda taratibu kiasi kwamba ningeweza kuwafuata kwa kutembea. Na wanacheka. Mama yule, ambaye kwangu alikuwa analia kwa vumbi, alikuwa anacheza mabega.

Hasira ilinipanda. Lakini jicho langu limesomeshwa, na hata katika hasira linafanya kazi. Kwenye mwinuko mkali, pale barabara inapokunja kuelekea juu, niliona kiitikio kinakatika. Golikipa akapunguza mwendo bila kugeuka nyuma, mpaka sauti zikarudi, ndipo akaendelea. Nililiweka hilo kichwani. Kisha nikatoka nyuma ya kibanda.

Wimbo ulikatika papo hapo. Nilimuuliza golikipa wanamlipa kiasi gani.

"Hakuna anayelipa, chef. Hii tunafanya tangu zamani, we mwenyewe unajua."

"Ulisema unalala."

"Nilisema hivyo kwa heshima."

Nikamgeukia mama wa vitenge. Nilimwambia, kwa adabu kadiri nilivyoweza, kwamba kwangu kila siku anasema tatu, kwa hiyo sielewi kwa nini anikimbie. Alinishika mkono, akanivuta kando ya barabara, lakini si mbali kiasi cha wengine kutosikia.

"Mwanangu, kwako tunakuja kukusaidia," alisema. "Huku tunakuja kupumuzika. Mi ningesema nane mbele ya watu, wangefikiri nini? Kwamba unamuua mama aliyekusaidia? Nilisema tatu ili usipate haya."

Nikamtazama karani wa benki. Akatazama viatu vyake.

"Mama amesema tatu," alisema. "Mi mwanaume nitasema nane?"

"Ulisema mbili na nusu," nilimkumbusha.

Walicheka, na mwalimu akamwambia, "Nusu yake ilikuwa inatapika nyuma ya ghala." Hata yeye mwenyewe akacheka. Mimi niliwaacha pale nikashuka.

Sikuwaamini moja kwa moja. Mtu akikamatwa, adabu ni kisingizio cha kwanza anachokiokota. Njiani nilipima maneno yao. Kama ni kweli, basi kila namba niliyoandika kichwani ilikuwa ni namba ya mama, na mstari mzima ulikuwa unamheshimu yeye, naye ananiheshimu mimi, na mimi napandisha moto kwa kuheshimiwa. Njia ile ya namba imetungwa kwa watu wanaojibu kwa ajili yao wenyewe. Kwetu mtu hujibu kwa ajili ya aliye mbele yake. Kama ni uongo, golikipa anajenga jimu yake juu ya mgongo wangu. Kulikuwa na njia moja tu ya kujua.

Jumatatu sikuuliza namba ya mtu. Nilizima spika, nikamtoa golikipa nyuma nikamweka mbele, nikamwambia atoe wimbo uleule wa mlimani. Kisha nikawapa zoezi lilelile ambalo wiki iliyopita walikuwa wameliita tatu. Mzunguko wa kwanza waliitikia vizuri. Wa pili kiitikio kikaja vipandevipande, mmoja huku, mmoja kule. Wa tatu golikipa alibaki anaimba peke yake, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Mama alifungua mdomo ukatoka upepo tu.

Nikasimamisha zoezi. Sasa nilikuwa na jibu langu. Chuoni tulifundishwa kwamba anayeweza kuzungumza bado yuko kwenye moto mdogo, na asiyeweza kumaliza sentensi ameshavuka. Lakini kuitikia wimbo wa Kirundi kwa kundi ili kupima moyo wa kila mmoja, hilo sikufundishwa na mtu. Hilo ni langu. Namba unaweza kuisema kwa adabu. Pumzi huwezi kuikopa kwa jirani.

Nilipanga upya wiki nzima. Siku nyingi tunafanya kwa kiasi ambacho wimbo unabaki mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Siku mbili tunapandisha mpaka wimbo ufe, kwa muda mfupi, kisha tunatembea polepole ukumbini na hakuna anayegusa chuma mpaka kiitikio kirudi kamili. Kikirudi, najua mioyo imetulia. Namba sikuzitupa, lakini sasa nauliza sikioni, kwa kunong'ona, na naanza na mdogo kuliko wote.

Msidhani udanganyifu uliisha. Ndani ya wiki moja niligundua kuna wanaochezesha midomo bila kutoa sauti. Wa kwanza alikuwa yule wa dawati langu, alikuwa anapanua mdomo kama samaki aliyetolewa majini. Nilisimama karibu na sikio lake.

"Sauti," nikamwambia.

"Mi sauti yangu ni ndogo tangu shule."

"Shuleni walikuwa wanakuita kengele."

Mstari mzima ulivunjika kwa kicheko, na wimbo ukaanza upya. Tangu siku hiyo napita katikati yao nikiwa nimeinamisha kichwa, nikisikiliza mmoja mmoja. Wanasema natembea kama polisi. Sawa. Polisi angewakamata wachache kuliko mimi.

Watu walirudi. Shangazi wa mwalimu aliacha kufa. Wale wanaume wawili wa mkeka siku hizi wanakunjiana mikeka. Mama wa vitenge alinieleza kwamba analala hadi jogoo wa jirani anachoka mwenyewe, na kwamba sokoni wateja wamemuuliza nini kimempata, maana hakatai tena kupunguza bei. Mke wa yule wa dawati langu alikuja mwenyewe kuangalia mahali ambapo mumewe amepata upole, akakaa kwenye benchi siku ya kwanza, siku ya pili akaja na viatu. Kodi niliilipa tarehe yake, na mwezi uliofuata pia. Muuza vinywaji alifungua duka lake kwingine.

Golikipa sikumfukuza. Nimemweka mbele, mahali ninapomwona. Jumapili nami napanda Kinanira na kukimbia mstari wa mwisho, sitozi mtu, na bado sijajua kama wanaimba vile kwa sababu wanafurahi au kwa sababu nipo.

Mwisho wa msimu wa mvua, msimu uleule waliosema sitaumaliza, Ijumaa baada ya sala, nilikwenda kulipa wote watatu kwa siku moja. Sikutaka mmoja ajue kabla ya mwingine halafu maneno yatangulie.

Nilianzia gereji. Mjomba alifuta mafuta mikononi akapokea. Fundi wa rangi alisogea akatazama, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba fedha hizo lazima nilikuja nazo kutoka Dar. Nilimwambia aje Jumatatu, mara ya kwanza bure, tutaona kama ataimba. Mjomba alimwambia arudi kwenye rangi yake.

Sokoni mama wa vitenge hakutaka kupokea mbele ya majirani zake. Alifungua kitenge kana kwamba ananionyesha maua yake, nikaiweka fedha chini yake, akakunja. "Ungeacha kidogo," aliniambia. Kwake deni likiisha kabisa mtu anakosa sababu ya kupita kusalimia. Nilifikiri labda ni upendo, labda anataka kamba ibaki shingoni mwangu. Nilimwambia nitapita kusalimia bila deni, na nikamlipa yote.

Mwisho nilipanda Kinanira. Yule wa dawati langu alinipokea getini, akasema hakukuwa na haraka, angeweza kungoja hata mwaka. Niliangalia lile tabasamu. Nikamwomba amwite mkewe, na ahesabu mbele yake na mbele yangu. Alisita, akaona sitanii, akahesabu. Mkewe akachukua zile noti akahesabu mara ya pili, polepole, akilowesha kidole.

"Iko yote," alisema.

Wakaniletea kiti na Fanta. Fanta niliinywa nikiwa nimesimama, nikawarudishia chupa, nikashuka Kibenga kwa miguu.